Waraka wa Choe Malli: Herufi za Kichina na Walinzi Wake katika Korea ya Karne ya 15

Katika mwezi wa pili wa mwaka 1444, kwa hesabu ya kalenda ya mwezi, Choe Malli, mwanazuoni mwandamizi wa Jiphyeonjeon, yaani baraza la wanazuoni la ikulu ya Korea, alimwandikia Mfalme Sejong waraka wa kupinga herufi mpya 28 zilizokuwa zimetangazwa mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Waraka huo ni miongoni mwa ushahidi bora wa namna China ya kifalme ilivyowaathiri majirani zake, hasa kwa kuwa hakuna Mchina anayezungumza ndani yake.

Kufikia wakati huo, maandishi ya Kichina yalikuwa yametumika Korea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 958 Mfalme Gwangjong, kwa ushauri wa Shuang Ji aliyetoka China, alianzisha mitihani ya kuwateua maofisa wa serikali. Mitihani hiyo iliandikwa kwa Kichina cha kale, na kujifunza lugha hiyo kulihitaji miaka mingi ambayo mkulima hakuwa nayo. Tatizo la kiisimu lilikuwa kubwa vilevile. Kitenzi cha Kikorea hukaa mwishoni mwa sentensi na kubeba viambishi vingi, ilhali neno la Kichina halinyambuliki hivyo. Makarani walijaribu kuliziba pengo hilo kwa mfumo ulioitwa idu, ambao ulipanga herufi za Kichina kwa mfuatano wa Kikorea na kutumia baadhi yake kuwakilisha viambishi. Hata hivyo, asiyejua Kichina hakuweza kuusoma.

Hoja ya Sejong ilihusu mahakama. Mshtakiwa asiyeelewa maelezo yaliyoandikwa kwa niaba yake angeweza kuhukumiwa bila hatia. Akisomewa kwa lugha yake, angetambua palipopotoshwa. Choe alijibu kwamba China usemi na maandishi ni kitu kimoja, na bado watu wengi huhukumiwa kwa dhuluma. Haki, kwa maoni yake, hutegemea tabia ya ofisa. Jibu hilo lina uzito kuliko wasifu wengi wa Sejong wanavyokubali. Udhaifu wake ni kwamba linamwachia ofisa hukumu juu ya tabia yake mwenyewe.

Hoja nyingine za waraka zinafichua zaidi. Choe alikumbusha kwamba Korea iliitumikia dola kuu kwa uaminifu, akauliza itakuwaje habari za herufi hizo zikifika China. Wenye maandishi yao wenyewe, alisema, ni Wamongolia, Watangut, Wajurchen, Wajapani na Watibeti, nao wote ni washenzi. Kuwafuata ni kuuacha ustaarabu. Kisha akaligusa jambo lililokuwa karibu zaidi na maslahi ya tabaka lake: karani akiweza kupanda cheo kwa herufi chache tu, nani atajitaabisha na elimu ya wahenga? Hofu ya Beijing na hofu ya kupoteza nafasi zilikaa katika waraka mmoja, na ni vigumu kusema ipi ilitangulia.

Mfalme alikasirika. Jeong Chang-son, aliyedai kwamba kutafsiri kitabu cha maadili hakutawabadilisha watu kwa kuwa wema hutokana na hulka, alifukuzwa kazi. Choe na wenzake walilala kizuizini na kuachiliwa kesho yake. Mwaka 1446 herufi zilitolewa rasmi. Lakini mitihani haikuguswa. Kwa takriban miaka 450 iliyofuata, cheo kiliendelea kupatikana kwa Kichina, na maandishi mapya, yaliyodharauliwa kuwa ya lugha ya mitaani, yakaishi katika barua za wanawake, tafsiri za misahafu ya Kibuddha na hadithi. Mwaka 1504 Mfalme Yeonsangun aliyapiga marufuku baada ya watu wasiojulikana kuyatumia kumshutumu.

Japani, ambako mitihani haikuota mizizi na vyeo vilirithiwa, maandishi ya kana yalipata fasihi ya heshima mapema: Murasaki Shikibu aliandika Genji Monogatari mwanzoni mwa karne ya 11. Vietnam, iliyoanza mitihani mwaka 1075 na kuifanya kwa mara ya mwisho mwaka 1919, inafanana zaidi na Korea. Maandishi yake ya Nôm yalistawi katika ushairi, na ni kwa vipindi vifupi tu yalipopewa nafasi serikalini.

Korea ilifuta mitihani mwaka 1894, na amri ya mwaka huohuo ikaagiza sheria ziandikwe kwanza kwa herufi za taifa, Kichina kikiambatishwa kama tafsiri. Wakati huo majeshi ya Japani yalikuwa yamekwisha kuingia katika ikulu ya Seoul.