Ua, Bomu na Kura za Wamarekani

Wahenga wamesema: njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, historia yatufundisha ya kwamba njia hiyo, ijapokuwa fupi, huweza kutosha kumfikisha mtu siku ya uchaguzi. Mfano mkubwa umo katika uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 1964, nao wastahili kuzingatiwa na kila Muislamu asomaye gazeti, asikilizaye redio au atazamaye televisheni.

Walioshindana ni Rais Lyndon Johnson wa chama cha Democratic, na Seneta Barry Goldwater wa chama cha Republican. Wakati huo zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi za Marekani zilikuwa na televisheni, na wagombea walikwisha jifunza kununua dakika za televisheni kama wafanyavyo wauza sabuni. Mtindo huo aliutumia Eisenhower mwaka 1952. Mpinzani wake, Adlai Stevenson, alichukizwa kuona mtu anayetaka uongozi akitangazwa kama chakula cha asubuhi. Lakini Stevenson alishindwa mwaka huo, na akashindwa tena mwaka 1956.

Sasa tutazame mambo mawili yaliyotokea katika muda wa wiki tano tu.

La kwanza ni habari. Tarehe 2 Agosti 1964 mashua za kivita za Vietnam ya Kaskazini zilipambana na manowari ya Marekani katika Ghuba ya Tonkin. Siku mbili baadaye ikasemwa kuwa manowari za Marekani zimeshambuliwa tena. Usiku ule ule Rais alitokea katika televisheni akalitangazia taifa kuwa ndege zinakwenda kulipiza. Magazeti yakaichapa habari hiyo kama jambo lililothibitika. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi lilimpa Rais idhini ya kutumia nguvu kwa kura 416, bila hata mmoja kupinga. Katika Seneti walikubali 88, wakapinga wawili tu: Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska.

Leo inajulikana kwamba shambulio lile la pili halikutokea. Wala wananchi hawakuelezwa kuwa kabla ya hapo pwani ya Vietnam ya Kaskazini ilikuwa ikishambuliwa kwa siri kwa msaada wa Marekani.

La pili ni picha. Tarehe 7 Septemba kampeni ya Johnson ilionyesha tangazo la dakika moja. Mtoto mdogo wa kike yumo kondeni, anachambua ua jani kwa jani, anahesabu kwa kukosea kosea. Ghafla sauti ya mwanamume inahesabu kurudi nyuma, kutoka kumi hadi sifuri, kisha moto wa bomu la atomiki unajaa machoni. Hapo yasikika maneno ya Johnson juu ya haja ya wanadamu kupendana. Goldwater hakutajwa hata kidogo. Lakini kwa kuwa yeye alikwisha julikana kwa maneno yaliyotia watu hofu juu ya silaha hizo, kila mtazamaji alimtaja mwenyewe moyoni. Kampeni ililipia tangazo hilo mara moja tu; vipindi vya habari vikalirudia bure, kwa kisingizio cha kulijadili.

Mwezi wa Oktoba Johnson aliwahakikishia wapiga kura kuwa hatawapeleka vijana wa Marekani mbali kupigana vita vya watu wa Asia. Mwezi wa Novemba akashinda kwa asilimia 61 ya kura. Na kwa kuwa Marekani humpata Rais kwa wajumbe wa uchaguzi wanaohesabiwa jimbo kwa jimbo, alipata wajumbe 486 katika 538. Watu walidhani wamechagua amani. Machi 1965 mabomu yalikuwa yakiangushwa Vietnam ya Kaskazini mfululizo, na askari wa kwanza wa mapigano wakateremka Da Nang. Kufikia mwaka 1968 walikuwa zaidi ya laki tano. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikufa katika vita hivyo. Na Wavietnam waliokufa, wakiwamo watoto wasio na hesabu, walifika mamilioni.

Tusiwe wadhalimu katika hukumu. Magazeti hayo hayo, yakianza na New York Times mwezi Juni 1971, yalichapisha nyaraka za siri zilizoonyesha kuwa mipango ya kupanua vita ilikuwa ikitayarishwa wakati kampeni ikiendelea. Serikali ilitaka kuyazuia, Mahakama Kuu ikakataa. Haki ilidhihiri, lakini waliokwisha kufa hawakufufuka. Na wale maseneta wawili waliodai ushahidi? Wote walipoteza viti vyao mwaka 1968, ingawa si kwa sababu hiyo peke yake.

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu imetuamrisha kuchunguza habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wanavyuoni wetu wa Hadithi waliisimamisha amri hiyo kwa vitendo: hawakupokea neno mpaka waulize limetoka kwa nani, na huyo alilisikia kwa nani. Lau habari ya mwezi Agosti ingaliulizwa sanad yake, isingalisimama.

Lakini picha ya mwezi Septemba ni mtihani mgumu zaidi. Haikusema jambo lolote la kuulizwa sanad. Haikudai kitu, basi haikuweza kukadhibishwa. Ilitia hofu tu, na hofu ikafanya kazi ya ushahidi. Kwa hiyo hatuna budi kuchunguza habari iliyotufikia, na vile vile kuichunguza hofu iliyoingia mioyoni mwetu: nani ameileta, na anataka tumpe nini?

Kura ni amana na ni ushahidi. Muislamu hatoi ushahidi kwa jambo alilotishwa nalo, bali kwa jambo alilolijua. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuthibitisha. Amin.