Kavazi la picha

Neno "hifadhi" limebebeshwa mizigo mingi. Ruaha ni hifadhi, michango ya uzeeni iko kwenye mfuko wa hifadhi, na simu nayo ina kitufe cha kuhifadhi. Mkazi wa Igogwe, wilayani Rungwe, mwenye maelfu ya picha simuni ukimwambia azihifadhi atakushangaa: mbona zimo? Kweli zimo. Asichonacho ni kavazi.

Serikalini tumezoea "nyaraka". Ipo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria yake ni ya mwaka 2002. Ila waraka ni maandishi, na picha ya bibi akichuma chai haiingii humo mpaka isukumwe. Wakenya husema "makavazi". Kwetu pia neno si geni: lipo Kavazi la Mwalimu Nyerere, lililoanzishwa pale Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Dar es Salaam, chini ya Profesa Issa Shivji. Neno limekaa mno na maprofesa. Lipande basi lije Tukuyu.

Kavazi ni mkusanyo uliopangwa na kuelezwa hata asiyeujua akaweza kutafuta kitu humo akakipata. Uzito uko kwenye kuelezwa. Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na picha zao zikatunzwa Herrnhut, Ujerumani. Nyingi sasa zinaonekana mtandaoni kupitia kavazi la picha za kimisheni la Chuo Kikuu cha Southern California. Mjukuu wa Rungwe anaweza kuzifikia kwa sababu kuna aliyeandika ni wapi na ni nani, ingawa kwa majina ya wakati wake: Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na Wanyakyusa waliandikwa Konde. Asiyeyajua majina hayo atapekua sana.

Picha ya simu huzaliwa na maelezo yake ndani: tarehe, saa, aina ya kamera, hata mahali ilipopigwa kama GPS imewashwa. Mafundi huyaita metadata. "Maelezo ya picha" yananitosha. Sasa itume WhatsApp kwa njia ya kawaida. Itabanwa, maelezo yatafutwa, na mpokeaji atabaki na faili lenye jina kama IMG-20240817-WA0012. Tarehe hiyo ni ya kupokelewa. Kipaimara cha Juni kikitumwa Agosti, kitadai kilifanyika Agosti, na baada ya miaka kumi hakuna wa kubisha. Ukiituma kama dokumenti, maelezo hubaki.

Jina la faili nalo lianze na mwaka: 2024-06-16_igogwe_kipaimara_01. Tukiandika siku kwanza, kama tulivyofundishwa shuleni, kompyuta itapanga tarehe 16 za miezi yote pamoja, na krismasi itaangukia katikati ya mavuno ya viazi.

Halafu watu. Hapa ndipo makavazi yetu ya nyumbani hufia. Tunaandika "Mama Tumaini", jina la heshima na la kila siku, lakini kina Mama Tumaini ni wengi, na ukoo wa Mwa-fulani umejaa bonde zima. Andika jina lake la kuzaliwa, ni binti wa nani, ameolewa kijiji gani. Kazi hiyo haifanywi na programu. Programu itatambua kwamba sura ni ileile kwenye picha arobaini; kwamba huyo ni shangazi aliyehamia Kyela, atakuambia babu, tena umuulize angali yupo.

Kuhusu nakala, mpigapicha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni fupi: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa mvua za Rungwe, ambako albamu huota ukungu na picha zikagandana, sioni cha kubishia. Diski haigandi, ila hufa bila kuaga. Ya mbali mpe ndugu aliyeko Mbeya au Dar, na umpe pamoja na orodha ya majina. Picha peke yake zitamfanya aanze kupiga simu nyumbani kuuliza huyu ni nani.