Usubi wa magharibi, hatari kwa farasi

FARASI aliyeamka mzima anaweza kukutwa amekufa siku ya pili, povu likiwa limemtoka puani.

Hiyo ndiyo sura kali ya Ugonjwa wa Farasi wa Afrika, ambao hauna tiba.

Ugonjwa huo husababishwa na virusi vya aina tisa vinavyoenezwa na usubi, mdudu mdogo kuliko mbu, anayeuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Farasi hawaambukizani kwa kugusana.

Virusi vikishambulia mapafu, mnyama hupata homa kali, hutweta, hukohoa na kutokwa jasho jingi, na hadi asilimia 95 ya wagonjwa hufa. Vikishambulia zaidi moyo, uvimbe hutokea juu ya macho, kisha hushuka usoni na shingoni.

Pundamilia na punda wa Afrika, kinyume chake, huweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili. Mwaka 1987, pundamilia kutoka Namibia waliingiza ugonjwa huo Hispania, ukadumu hadi mwaka 1990. Mwaka 2020 ulizuka Thailand na kuua farasi zaidi ya 500.

Katika nchi za kusini mwa Sahara, ambako virusi hivyo vina makazi ya kudumu, kinga ya kwanza ni chanjo, ambayo hupangwa na daktari wa mifugo na kutolewa kabla ya msimu wa usubi.

Kinga ya pili ni banda. Farasi huingizwa kabla ya jua kuchwa na kutolewa baada ya jua kupanda. Madirisha huwekwa wavu wenye matundu madogo sana, kwa kuwa usubi hupenya chandarua cha kawaida. Samadi huondolewa, na mahali penye tope hukaushwa.

Homa hutangulia dalili nyingine, hivyo kipimajoto ni kifaa cha lazima. Joto la farasi mzima aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Likizidi hapo, asipandwe wala kukimbizwa, bali daktari aitwe mara moja.

Hata anayepona huhitaji mapumziko ya wiki nne au zaidi, kwani kazi ya mapema huweza kumuua farasi ambaye ugonjwa ulimwacha hai.