Dirisha wazi bila kelele: jinsi sauti inavyotumika kuizima sauti

Wakazi wa miji yenye joto huchagua usiku kati ya mambo mawili: kufungua dirisha wapate upepo na kustahimili kelele za barabarani, au kulifunga wapate utulivu na kukosa hewa. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang nchini Singapore, wakiwemo Gan Woon Seng na Bhan Lam, walionesha kwamba ipo njia ya tatu. Walifunga spika ndogo 24 kwenye nondo za dirisha lililo wazi, na kelele iliyoingia chumbani ikapungua kwa hadi desibeli 10. Matokeo hayo yalichapishwa Julai 2020 katika jarida la Scientific Reports.

Upungufu wa desibeli 10 si mdogo. Maana yake ni kwamba nguvu ya sauti imebaki sehemu moja tu ya kumi, na sikio la binadamu huihisi kelele hiyo kana kwamba imepungua kwa nusu.

Kwa nini Singapore?

Nchi hiyo iko karibu na Ikweta, na ardhi yake ni finyu. Takriban wakazi wanane katika kila kumi wanaishi katika maghorofa yaliyojengwa na serikali, mengi yakiwa jirani na barabara kuu au reli. Vioo viwili vilivyopachikwa sambamba huzuia kelele vizuri, lakini dirisha likishafunguliwa, kinga hiyo hutoweka. Anayelifunga hulazimika kuwasha kiyoyozi na kulipia umeme. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa, ambako dirisha lenye nondo ndilo chanzo cha upepo katika nyumba nyingi, wanaifahamu vyema hali hiyo.

Suala hili linahusu afya pia. Katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za magari wakati wa usiku zisizidi wastani wa desibeli 45 nje ya nyumba. Kelele za muda mrefu huvuruga usingizi, na zimehusishwa na maradhi ya moyo.

Mfumo unavyofanya kazi

Sauti ni wimbi la hewa inayobanwa na kuachiliwa kwa zamu. Iwapo wimbi la pili litatolewa likiwa kinyume kabisa cha la kwanza, yaani hewa ibanwe pale ambapo wimbi la kwanza linaiachilia, mawimbi hayo mawili hufutana.

Fikra hii si mpya. Mjerumani Paul Lueg aliomba hataza yake mwaka 1933, akapewa hataza ya Marekani mwaka 1936. Hata hivyo, vifaa vya zama hizo havikuweza kuitekeleza ipasavyo. Baadaye ilitumika katika visikizi vya marubani, na leo imo katika visikizi vya kawaida vya kusikilizia muziki.

Katika dirisha, maikrofoni iliyowekwa nje huinasa kelele kabla haijaingia. Kompyuta hukokotoa wimbi la kinyume na kuzipelekea spika. Muda ni mfupi mno: sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo umbali wa mita moja huipa kompyuta sehemu tatu tu za elfu moja za sekunde.

Spika za Nanyang zina kipenyo cha sentimita 4.5, na zilipangwa kwa umbali wa sentimita 12.5 kutoka moja hadi nyingine. Upepo hupita katikati yake. Umbali huo una sababu. Ili spika zilizibe dirisha zima kwa sauti, nafasi kati yake sharti iwe ndogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi linalozimwa. Sauti ya hezi 1,000 ina wimbi la sentimita 34, na nusu yake ni 17. Sauti nyembamba zaidi zingehitaji spika nyingi zaidi, na dirisha lingezibika.

Mipaka yake

Mfumo huo hufanya kazi vizuri kati ya hezi 300 na 1,000. Chini ya hapo, spika ndogo hazina nguvu ya kutosha, hivyo mngurumo mzito wa lori au besi ya muziki wa baa hubaki. Juu ya hapo, honi kali na milio ya ndege hupita. Kelele za mfululizo, kama za msururu wa magari, huzimika kwa urahisi kuliko za ghafla, kama kubweka kwa mbwa.

Aidha, majaribio hayo yalifanyika katika chumba cha utafiti chenye dirisha la ukubwa wa kawaida, kwa kutumia kelele zilizorekodiwa za magari, treni na ndege. Spika zinazoning'inia dirishani miaka nenda miaka rudi zitakabiliwa na mvua na vumbi, na zitahitaji umeme na matengenezo.

Kwa hiyo teknolojia hii haiondoi wajibu wa mamlaka za miji. Spika hulinda chumba ambacho dirisha lake limefungwa mfumo huo. Hazimlindi mtoto anayecheza uani, mchuuzi aliye kando ya barabara, wala jirani asiyeweza kuzinunua. Kupunguza mwendo wa magari usiku, kudhibiti honi na kutenga makazi na barabara kuu ni hatua zinazomfaa kila mmoja.