Meza Isiyo Nyama

Katika mji wa Zürich, nchini Uswisi, iko nyumba ya maakuli katika mtaa wa Sihlstrasse ambayo tangu mwaka 1898 haijawaandalia wageni wake nyama wala samaki, na ambayo kitabu cha Guinness kimeishuhudia kuwa ndiyo ya kale kupita zote za namna yake zilizo hai ulimwenguni. Leo nyumba hiyo, ijulikanayo kwa jina la aila ya Hiltl, ni mahali pa fakhari. Wafanyabiashara hukutana humo mchana, na wachumba hualikana humo usiku, wala wengi wao hawakujiwekea mwiko wowote wa nyama, bali wamefuata utamu. Lakini mtu aliyeiona ilipofunguliwa asingalithubutu kuitabiria heri hiyo. Jina lake la awali lilikuwa Makao ya Wala-mboga na Mkahawa wa Wasiokunywa Ulevi, na kwa watu wa zama zile, ambao kipande cha nyama sahanini kilikuwa kwao dalili ya neema na mvinyo kando yake dalili ya ukarimu, nyumba iliyovikataa vyote viwili ilikuwa kama imeukataa ukarimu wenyewe.

Walioingia humo walikebehiwa kuwa ni wala-majani, na husimuliwa kwamba wengine walipitia mlango wa nyuma ili wasionwe na jamaa zao. Miongoni mwao alikuwamo Ambrosius Hiltl, mshoni kutoka Bavaria, kijana aliyeteswa na baridi yabisi hata mikono yake ikawa haiwezi kazi, naye tabibu akamwonya kwamba asipoacha nyama umri wake hautakuwa mrefu. Aliyekuwa hana mke wala jiko lake angekula wapi chakula kama hicho? Akawa mgeni wa kila siku wa nyumba ile iliyokuwa ikidhoofika kwa uchache wa wateja. Afya yake ikarejea. Na mwanzoni mwa karne ya 20 akakabidhiwa uendeshaji wake, kisha akamwoa Martha Gneupel, mpishi wa humo humo. Hivyo nyumba ikapata kwa pamoja bwana aliyeamini chakula chake na bibi aliyejua kukipika, na nathubutu kusema kuwa pasipo huyo wa pili imani ya yule wa kwanza isingalidumu.

Zürich wakati ule ulikuwa mji wa matabibu wenye ghera. Maximilian Bircher-Benner, mwenye nyumba ya tiba juu ya kilima cha Zürichberg, aliwaamuru wagonjwa wake wale vitu vibichi, na yeye ndiye aliyelitunga lile andalio la matofaa yaliyoparuzwa, shayiri iliyorowekwa, ndimu na kokwa, ambalo sasa huliwa asubuhi katika nchi nyingi. Matabibu hao walistahili shukrani, kwa kuwa bila ya wao watu wasingaliuvumilia mlo usio nyama hata kidogo. Hata hivyo naona kwamba waliufadhili na kuudhili kwa wakati mmoja. Maana chakula kinacholiwa kwa amri ya tabibu hakiulizwi ladha yake, na mpishi asiyeulizwa ladha huusahau ufundi wake.

London ilikuwa imetangulia. Uingereza ndiko ilikoundwa jumuiya ya wala-mboga mwaka 1847, katika mji wa Ramsgate, na ilipofika miaka ya 1880 mji mkuu ulikuwa na mikahawa mingi ya namna hiyo, aghalabu ya bei nafuu, iliyokimbiliwa na makarani na wanafunzi. Mmoja wa wanafunzi hao ni Mohandas Gandhi, aliyefika mwaka 1888 kusoma sheria, akiwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, wala mvinyo, wala mwanamke. Kwa ajili ya kiapo hicho alishinda na njaa katika nyumba za watu, akipewa mkate na mboga za kuchemsha zisizo chumvi ya kutosha wala kiungo, akatembea maili nyingi kila siku kutafuta pa kula, hata akaufikia mkahawa ulioitwa Central katika mtaa wa Farringdon. Mlangoni palikuwa na vitabu vya kuuza. Akanunua kwa shilingi moja kitabu cha Henry Salt cha kuutetea mlo wa mboga, kisha akaingia ndani, akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu awasili. Mwenyewe ameandika kwamba tangu kukisoma kitabu kile alikuwa mla-mboga kwa hiari. Mimi naongeza kwamba shibe ile nayo ilikuwa na sehemu yake: nadhiri iliyokuwa mzigo begani mwake ilipewa kiti na meza, na hapo ikawa rahisi kuipenda.

Watu wa pwani yetu hawakuhitaji kwenda London ili wajue kwamba yuko mwanadamu anayeishi umri wake wote bila ya kuonja nyama. Mabaniani wa Kutch na Gujarat walikuwa wamekwisha kaa Unguja zamani, na nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha tangu zama za Sayyid Said. Lakini watu hao, ambao mwiko wao ulihusu pia mikono iliyokipika chakula, walikula majumbani mwao, wakapikiwa na watu wao, na jirani aliyenusa harufu ya dengu na samli akipita uchochoroni hakukaribia meza yao. Ustadi wa karne nyingi wa kupika mboga ulikuwa umefichika nyuma ya milango, ilhali Ulaya milango ilikuwa wazi na ustadi haupo.

Aliyevikutanisha viwili hivi mjini Zürich ni Margrith Hiltl, mkaza mwana wa Ambrosius, aliyesafiri hadi Delhi katika miaka ya 1950 kuhudhuria mkutano wa wala-mboga wa ulimwengu. Huko aliona mboga ikipikwa na watu ambao hawakuihesabu kuwa kitoweo kilichopungukiwa na kitu. Aliporudi alitaka kuyapika aliyoyaonja, na wapishi wake wakasitasita, na giligilani, manjano, hiliki na bizari, vitu ambavyo mtoto wa Mombasa hutumwa dukani na senti chache kuvinunua, havikupatikana madukani mwa Zürich, ikambidi aletewe na wasafiri. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo nyumba ile ilipoacha kuwa zahanati ikawa nyumba ya karamu. Na Wahindi waliopita mji ule walipata mahali ambapo hawakulazimika kueleza wala kuomba radhi kwa mwiko wao.

Baada ya hapo njia ilikwisha chongwa. Mwaka 1979 Wabudha wa San Francisco walifungua mkahawa wa Greens kando ya bahari, wakaandaa mboga za shamba lao wenyewe, na mpishi Deborah Madison akaupikia kwa adabu iliyoyanyamazisha mabishano. Na mwaka 2001 mpishi Alain Passard wa Paris, mwenye nyota tatu za Michelin, aliiondoa nyama nyekundu katika orodha yake akaweka karoti na kiazi-sukari mahali pa heshima, na nyota hazikumtoka.

Lakini meza ya namna hii sasa ni ghali, na karani wa mtaa wa Farringdon asingaliweza kuikaribia, jambo linalonihuzunisha, kwa kuwa watu waliouhifadhi mlo huu katika miaka ya kudharauliwa walikuwa washoni na wanafunzi. Ndiyo maana nautukuza utaratibu mmoja wa Hiltl: mgeni hujipakulia mwenyewe, sahani yake hupimwa kwa mizani, naye hulipa kwa kadiri ya uzito.