Shamba Liitwalo Yote Yamepotea

Msomaji, ukisafiri kwenda Eldoret siku chache kabla ya mavuno, utaiona ngano imesimama pande zote mbili za barabara, rangi yake kama ya simba, na upepo ukiilaza na kuiinua. Kilimo hicho kililetwa katika nchi ile na wageni. Mwaka wa 1908 kundi la Makaburu liliteremka Mombasa kutoka melini, likapanda gari la moshi hata Nakuru, kisha likaendelea kwa magari ya ng'ombe mpaka uwanda wa Uasin Gishu, ambao ulikuwa malisho ya Wamaasai na Wanandi. Watu hao walitoka Afrika Kusini, ambako wazungu wamelima ngano tangu karne ya 17. Leo nataka twende pamoja huko, tukalitazame shamba moja katika nchi ya ngano, lililogeuka kuwa shamba la divai. Huenda dini yako yakukataza kuinywa divai, na umri wako bila shaka wakukataza. Lakini hakuna sheria ikukatazayo kuisoma tarikhi yake.

Kaskazini ya mji wa Cape Town iko nchi ya vilima vya mviringo iitwayo Swartland, yaani Nchi Nyeusi. Jina hilo lilitokana na kichaka fulani cha porini kilichoifunika nchi zamani, ambacho majani yake huonekana meusi baada ya mvua. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu Mei hata Agosti, na wakati wa joto nchi hukauka kabisa. Tabia hiyo ya nchi huipendeza ngano, nayo huipendeza mizabibu pia. Ngano hupandwa mvua zinapoanza, ikavunwa karibu na Novemba. Zabibu huiva baada yake, kati ya Januari na Machi, jua likiwa kali. Basi mkulima mmoja aweza kulima vyote viwili, mavuno ya kwanza yakimpisha wa pili. Yapata kilomita 80 kutoka Cape Town uko mlima uitwao Kasteelberg, na chini yake kijiji cha Riebeek West. Hapo mlimani ndipo lilipo shamba letu. Jina lake ni Allesverloren, na maana yake kwa Kiswahili ni Yote Yamepotea.

Mbona shamba liitwe hivyo? Mapokeo yasema kwamba mwanzoni mwa karne ya 18, na mwaka unaotajwa ni 1704, mjane mmoja wa Kiholanzi alilikalia shamba hilo. Siku moja alikwenda safari, na aliporudi alikuta nyumba yake imechomwa moto na wenyeji wa nchi, na mifugo yake haipo. Akalia akisema kwamba yote yamepotea, na kilio chake kikawa jina la shamba.

Sasa ngoja kidogo, msomaji. Kisa hiki kikikugusa moyo, si vibaya, kwa kuwa kupoteza nyumba ni msiba kwa kila mtu. Lakini mwanafunzi wa tarikhi hana budi kuuliza swali la pili: kabla ya mjane huyu, ni nani aliyekuwapo hapa, naye alipoteza nini?

Aliyekuwapo ni Mkhoikhoi, mfugaji wa ng'ombe na kondoo, aliyehamahama na mifugo yake kufuata malisho na maji. Waholanzi wa Kampuni ya Bara Hindi ya Mashariki walishuka katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka wa 1652, wakiongozwa na Jan van Riebeeck. Mwaka wa 1655 walipanda mizabibu, na mwaka wa 1659 wakapata divai yao ya kwanza. Mwaka huo huo wa 1659 vikazuka vita vya kwanza kati yao na Wakhoikhoi, kwa ajili ya malisho yaliyogeuzwa mashamba. Vita vingine vilipiganwa tangu 1673 hata 1677, juu ya Wakochokwa, kabila la Wakhoikhoi waliolisha mifugo yao katika nchi hiyo ya Swartland, na mkuu wao akiitwa Gonnema. Kampuni iliwanyang'anya ng'ombe na kondoo kwa maelfu. Kisha mwaka wa 1713 ukaja ugonjwa wa ndui, ukawafyeka waliosalia. Hao nao wangaliweza kusema kwamba yote yamepotea. Lakini hakuna shamba lililopewa jina kwa kilio chao.

Nchi ikiisha kupata mwenyewe mpya, ilitaka mikono ya kuilima. Mikono hiyo ililetwa kwa meli. Kati ya mwaka wa 1652 na 1808 watumwa wapatao 63,000 waliletwa katika Rasi, wakitoka Bara Hindi, visiwa vya Indonesia, Bukini na Msumbiji. Tazama ramani, uone jinsi Msumbiji ilivyo karibu na pwani yetu: wengine wa watu hao walikuwa Wabantu kama sisi, na lugha zao zilikuwa jamaa ya lugha zetu. Ndio waliolima, wakapura ngano, wakapogoa mizabibu na kukanyaga zabibu kwa miguu yao. Utumwa ulikomeshwa kisheria tarehe 1 Desemba 1834, lakini watumwa walilazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi, hata 1838. Walipoachwa huru, baadhi yao walikimbilia misheni kama ile ya Mamre, kusini magharibi ya nchi hiyo ya ngano, wapate kibanda na bustani. Wengi, kwa kukosa ardhi, walirudi mashambani kuwa vibarua.

Na ujira wao ulikuwa nini? Fedha kidogo, chakula kidogo, na divai. Desturi hii iliitwa dop. Kibarua alipewa kikombe cha divai asubuhi, na vingine mchana kutwa, hata jioni. Divai hiyo ilikuwa ile mbovu isiyouzika. Kwa njia hii mwenye shamba alipunguza gharama, na kibarua alifungwa kwa mnyororo usioonekana kwa macho: aliyeizoea divai hakuweza kuondoka inakotoka. Sheria ilikuja kuipiga marufuku desturi hiyo katika miaka ya 1960, lakini iliendelea kwa siri mahali pengi miaka mingi baadaye. Madhara yake hayajakwisha. Mpaka leo jimbo hilo la Rasi ni mojawapo ya mahali duniani ambapo watoto wengi sana huzaliwa na kasoro za mwili na akili kwa sababu ya kileo walichokunywa mama zao wakiwa waja wazito. Wahenga walisema: punda afe, mzigo ufike. Mzigo ulifika.

Mwaka wa 1872 Allesverloren liliingia mikononi mwa ukoo wa Malan, nao wamelishika kizazi baada ya kizazi. Mwaka wa 1874 alizaliwa hapo mtoto aliyeitwa Daniel François Malan. Miaka minne mbele yake, mwaka wa 1870, katika shamba jingine karibu na kijiji hicho hicho, alikuwa amezaliwa Jan Christiaan Smuts. Watoto wawili wa kijiji kimoja cha ngano, na Smuts akamfundisha Malan katika shule ya Jumapili! Smuts twamjua sisi: ndiye jemadari aliyeyaongoza majeshi ya Waingereza mwaka wa 1916 kupita Taveta kuwaendea Wajerumani, na nyuma ya majeshi hayo walikwenda wapagazi wa Kiafrika waliokufa kwa maelfu, wengi wao wasiandikwe jina juu ya kaburi lolote. Mwaka wa 1948 watu hawa wawili walishindana katika uchaguzi, Malan akashinda. Serikali yake ndiyo iliyoanza kuitia siasa ya ubaguzi iitwayo apartheid katika sheria za nchi, kama ile ya mwaka wa 1950 ya kuwagawa watu mahali pa kukaa kwa rangi zao. Vibarua wa Swartland, ambao wengi ni wazao wa Wakhoikhoi na wa watumwa, waliwekwa katika kundi la machotara, na mwaka wa 1956 wale waliokuwa na haki ya kupiga kura pamoja na wazungu waliondolewa katika orodha hiyo. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.

Turudi shambani. Kwa nini mkulima wa nchi ya ngano ageukie divai? Fikiri juu ya mkate ulioula asubuhi. Je, wajua ngano yake ilitoka shamba la nani? Huwezi kujua. Ngano ya mkulima mmoja huchanganyika na ya mwenzake ghalani na kinuni, na bei yao ni moja. Ngano haina jina. Tena yataka ardhi kubwa, na baba akiwagawia wanawe, kila mmoja hubaki na kipande kisichomtosha. Walakini kwa muda mrefu serikali iliwalinda wakulima hao. Tangu miaka ya 1930 bodi ya ngano iliwahakikishia bei, hata wakalima miteremko isiyofaa plau, na udongo ukachukuliwa na mvua. Bodi hiyo ilivunjwa mwaka wa 1997, na wakulima wakaachwa washindane na ngano ya dunia nzima.

Divai nayo ilikuwa na shida yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilizidi mno, bei ikaanguka, na mwaka wa 1918 wakulima wakaunda chama chao cha ushirika, kijulikanacho kwa herufi KWV. Chama kilipewa na sheria uwezo wa kupanga bei, na tangu 1957 hata kiasi cha zabibu ambacho kila mkulima aliruhusiwa kutoa. Hivyo wakulima wengi walipeleka zabibu zao kwenye viwanda vya ushirika, na huko zilichanganywa kama ngano, zikapoteza jina. Mkulima mwenye mizabibu alikuwa mtu asiyejulikana, sawasawa na jirani yake mwenye ngano.

Badiliko kubwa lilikuja na sheria ya mwaka wa 1973, iliyotaka divai itambulishwe kwa mahali ilipotoka. Sheria hiyo ililitambua shamba ambalo zabibu zake hulimwa papo hapo, na divai yake hutengenezwa papo hapo. Shamba la namna hiyo liliruhusiwa kuliandika jina lake juu ya chupa kwa heshima ya pekee. Allesverloren, lililokwisha kujipatia sifa kwa divai nzito na tamu ya namna ya Kireno, liliandikishwa kuwa mojawapo. Mipaka ya kiasi ilipoondolewa mwaka wa 1992, wengine wakafuata, na nchi iliyojulikana kwa mkate ikaanza kujulikana ng'ambo kwa chupa zake.

Usidhani kwamba ni kazi rahisi. Ngano hupandwa na kuvunwa katika mwaka mmoja. Mzabibu humngojesha mkulima yapata miaka mitatu kabla ya kumpa tunda la kufaa. Zabibu zikivunwa husetwa, maji yake huachwa yachachuke mpaka sukari igeuke kileo, kisha divai hulazwa katika mapipa ya mti miezi mingi. Mkulima wa ngano hulipwa mwaka ule ule; mwenzake hufungia mali yake pipani na kungoja. Lakini mwishoni huuza kitu chenye jina, na jina huuzwa ghali. Ndiyo maana watu hugombania majina: Wareno hawakukubali wakulima wa Rasi waendelee kuiita divai yao tamu kwa jina la mji wao wa Porto, na mapatano yaliyofuata mwaka wa 1999 kati ya Afrika Kusini na Jumuiya ya Ulaya yaliwalinda Wareno katika neno hilo.

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yangu. Jina la mjane limeandikwa kwa namna fulani juu ya kila chupa, kwa kuwa kilio chake kimo humo. Jina la ukoo wa Malan lajulikana. Wareno wana jina lao, na sheria yawalinda. Je, la mtumwa kutoka Msumbiji liko wapi? La kibarua aliyelipwa kwa kikombe liko wapi? Hata baada ya mwaka wa 1994, watu wote walipopata kura, shida ya vibarua haikwisha upesi. Mwishoni mwa mwaka wa 2012 vibarua wa mashamba ya zabibu katika bonde la De Doorns, jimbo hilo hilo, waligoma. Mshahara wa chini wa kisheria ulikuwa randi 69 kwa siku. Wao walidai 150. Mwaka uliofuata serikali ikaupandisha hata 105. Hawakupata yote waliyoyataka, lakini waliufanya ulimwengu utazame nyuma ya kile kibandiko cha chupa.

Msomaji, sikukuletea habari hizi ili uwachukie watu wa nchi ya mbali, maana ukoo uliolitunza shamba moja tangu 1872 umefanya kazi kubwa, nayo yastahili kusomwa. Nimezileta ili ujue kusoma jina. Kila jina la mahali lina mtu aliyelitoa, na mwingine aliyekuwapo kabla halijatolewa. Basi likizo ijayo, kama kwenu ni Uasin Gishu au Njoro au Narok kwenye ngano, au Kericho kwenye majani ya chai, mwendee mzee mmoja umwulize: shamba hili liliitwaje kabla ya jina hili? Ni nani waliolisha mifugo hapa? Ni nani waliovuna, nao walilipwa nini? Yaandike majibu yake katika daftari, na majina ya watu uyaandike kwa ukamilifu. Pengine hakuna mwingine atakayeyaandika.