Kariakoo: Kwa nini wauza simu wote wanakaa mtaa mmoja?

Ukitafuta simu Kariakoo utaelekezwa Aggrey na Likoma. Nguo, shuka Mtaa wa Kongo. Spea na vyuma, nenda Gerezani. Mgeni hujiuliza: hawa wanaouza kitu kilekile mlango kwa mlango si wanauana kibiashara?

Hapana. Mteja anayetoka Mbagala, achilia mbali wa Lubumbashi au Moroni, hapandi gari kwa ajili ya duka moja. Anakuja kwa sababu akikosa rangi anayotaka hapa, ataipata fremu ya pili. Akipandishiwa bei, anavuka barabara. Fremu ishirini za simu zikiwa pamoja zinavuta watu ambao fremu moja, hata iwe kali vipi, isingewapata. Halafu wenye maduka wanaazimana mzigo. Ukiambiwa "subiri kidogo bosi" na kijana akatoka mbio, ujue kaifuata kwa jirani.

Ila mtaa wa simu tupu nao hauendi mbali. Mnunuzi wa jumla anashinda mjini siku nzima. Lazima ale, atoe hela kwa wakala, afunge mzigo, apate mkokoteni wa kuufikisha kwenye basi la mkoani. Mama lishe akiondoka, mteja huyo naye anaondoka mapema.

Tatizo ni kwamba hawa wadogo ndio wa kwanza kung'oka. Nyumba ya chini ikibomolewa lipande ghorofa, fremu inaenda kwa mwenye uwezo wa kilemba na kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Muuza simu anamudu. Fundi cherehani hamudu.

Kuna pia kile kinacholeta watu kila siku. Kwa Kariakoo ni soko kuu lenyewe, lililochorwa na msanifu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, kabla halijaungua Julai 10, 2021. Aliyefuata nyanya au mbegu za shamba ndiye huyohuyo anayepita dukani kwako na kununua chaja.

Linganisha na Machinga Complex pale Karume, Ilala, ambako si mbali. Paa lipo, vizimba vipo. Lakini machinga wengi walivisusa wakarudi barabarani, wakilalamika kuwa wateja hawapandi ghorofani. Na kwa kweli apande kufuata nini, wakati soksi zilezile zinauzwa chini njiani?

Kwa hiyo kama unatafuta fremu, kabla ya kutoa kilemba simama mlangoni uhesabu maduka ishirini, kulia na kushoto. Wangapi wanauza unachotaka kuuza? Ukikuta hakuna hata mmoja, usifurahi haraka. Rudi tena saa saba mchana uangalie watu wa mtaa huo wanakula wapi.